Mwimo wa Mlango Uliopinda

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, lakini kwanza nikuseme: kila juma unajibu wasichana walioachwa na wapenzi, ambao wapenzi wengine watapata tu, na sisi bibi zenu mnatuona kama tumeshamaliza kuishi. Leo nijibu mimi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye kushona hakuna wa kunifundisha, mwanamke akiingia tu najua kiuno chake kabla sijashika futi, na kipimo cha mteja sikitoi hata kwa mumewe, ndiyo maana wananiamini.

Sasa ninaye mjukuu wa miaka kumi na tisa, tunaishi na kushona pamoja, na siku hizi hataki kula. Chakula anakizungusha kwenye sahani mpaka kinapoa kisha anasema ameshiba, na siku akila kama watu anakimbilia chooni, anafungulia bomba nisimsikie akitapika, utadhani mimi kiziwi. Sketi yake nimeibana mara tatu mwaka huu, nikampongeza pia, maana zamani alijaa kama mimi. Juzi alianguka akitia vifungo, nikamnyanyua peke yangu, mzee mimi, kama nanyanyua kanga iliyoanikwa.

Nikamuuliza anataka kufanana na nani, akanifungulia simu. Kumbe ni mteja wangu! Picha kajipiga humu humu, kwenye kioo changu cha kujaribia nguo, na kiuno kile mimi sikijui. Nikavaa miwani. Mwimo wa mlango wangu, ambao seremala aliusimamisha wima kwa timazi, umepinda pale pale penye kiuno chake. Hivi simu inafanyaje? Inakata wapi, na nyama inaipeleka wapi? Mjukuu akanijibu, "Bibi, haya mambo huyawezi."

Niambie: nivunje amana ya kazi nimwonyeshe daftari la vipimo apone, au ninyamaze nimzike?

Bibi Fundi

---

Bibi Fundi, shikamoo. Ukishaitikia, kaa nami nikuseme. Umeona mlango uliopinda, hukuona sindano iliyo mkononi mwako. Nani aliibana sketi mara tatu? Nani alimpongeza mtoto anayekauka? Picha ilimwita, wewe ukamsukuma. Najua hukukusudia, ulidhani ni maringo. Ni ugonjwa, bibi, na unaua.

Daftari lifunge. Ukitoa vipimo vya huyo mteja, kesho mjukuu atapata picha ya mwingine ambaye hukumshonea, na sahani itabaki vile vile. Na simu, kwa kuwa umeuliza: mtu anakisukuma kiuno cha pichani ndani kwa kidole, na kilicho nyuma yake kinafuata, kama ua la kitambaa linavyopinda ukilivuta vibaya. Mwombe mjukuu akufundishe kutambua picha za namna hiyo, na usimcheke. Anayefundisha huongea, nawe unahitaji aongee.

Ila maneno hayamtibu mtu aliyekwisha kuanguka. Kutapika kila mara huudhuru moyo. Usimlazimishe kula, usimvizie chooni, na mwili wake usiutaje tena, hata kwa kuusifu. Mwambie tu kwamba umeogopa.

Kesho asubuhi usifungue duka. Mshike mkono mwende hospitali, na daktari mweleze yote, hata yale unayoyaonea haya. Akigoma, usimpigie kelele: mwambie hutoki mlangoni bila yeye, ukae hapo mpaka avae viatu.