Uso wako kwenye kitenge cha kampuni

Tantine wangu, mdogo wa mama uliyenilea,

Jana nilikuona ofisini. Ulikuwa kwenye makalio ya mhasibu wetu, unacheka, ufagio mkononi. Alikuwa ameinama kuokota kalamu, na kitenge alichojifunga kujaribu kilikaa hivyo, uso wako nyuma kabisa. Tangu tukuzike nina picha yako moja tu, ile ndogo ya kwenye simu, na sasa ulikuwa mkubwa kama sahani, umerudiwa na kurudiwa kwenye kitambaa cha kijani, unamzunguka yule mwanamke mwili mzima.

Walikuwa wanagawa vitenge vya sikukuu ya kampuni. Jumamosi wafanyakazi wote wa hapa Butembo, makao makuu, tunatakiwa kuvaa sare. Mimi walinihamisha kutoka depo ya Beni baada ya kifo chako, kwa hiyo hapa hakuna anayekujua. Nilipewa changu ndani ya mfuko, kimekunjwa vizuri. Nikakikunjua, nikasoma maneno yaliyopita chini ya kidevu chako: Tunajitolea kwa ajili yao.

Yao. Nilikaa na kitambaa mapajani mpaka chai ikapoa.

Unakumbuka siku ile tulipokuja kwako? Ulikuwa umekimbia Mbau, shamba lako la kakao umeliacha na watu wa bunduki, na kijumba chako kipya cha Beni kilikuwa bado miti mitupu, upepo unapita ndani kama kwake. Kampuni ilikuwa imeanzisha mpango wa kujitolea: wafanyakazi waache makaratasi siku nzima waende kusaidia watu mtaani. Tukaja kukandika kuta zako, sote na fulana nyeupe mpya. Hukufurahi. Miaka yote ya kutuuzia kakao ulisema kampuni yetu ina mizani yenye njaa, inakula kilo za watu. Ulisimama mlangoni umekunja mikono, ukaninong'oneza, "Hawa bantu ya bureau, ya makaratasi, batawezana na udongo?"

Waliwezana. Mkuu wa depo alivua viatu, akakunja suruali yake nzuri, akaingia kwenye tope akikanyaga na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaenda kwa jirani kuazima sufuria, ukatupikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, kwa sababu kwenu Mbau watu hawakandiki nyumba ya mtu wakaondoka na njaa. Jioni kuta zilikuwa zimeshiba udongo, na fulana zetu hazikuwa nyeupe tena. Mimi, tangu siku ile, nikizungumzia kampuni nilianza kusema "sisi". Zamani nilisema "wao", kama wewe.

Jumamosi iliyofuata nikakukuta getini kwetu depo na ufagio. Papa Amisi, mlinzi, alikuwa amekuzuia.

"Mama, huku hapana kazi ya bure."

"Hapana ya bure," ukamjibu. "Ni ya kurudisha. Balikuya kwangu na mikono yabo. Mimi pia niko na mikono."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakuvuta pembeni nikakueleza kwamba kampuni haidai, kwamba ule ni mpango, kila mwaka wanafanya. Ulinitazama kama unayemtazama mtu aliyepoteza akili. Mtu akikukandikia, unamkandikia, ndivyo ulivyokua na ndivyo ulivyonifundisha. "Lakini nyumba yabo ni ya matofali," ukasema, "haiwezi kukandikwa. Basi nitafagia." Ukamsukuma Papa Amisi taratibu kwa kiwiko, ukaingia.

Nilidhani ungekuja mara moja. Ukaja tena na tena, Jumamosi kwa Jumamosi, kila mara goti lilipokuruhusu. Wenzangu wakaacha kushangaa, wakaanza kukuwekea chai. Na majirani zako walipoilaumu kampuni kwa bei ya kakao, wewe, uliyeitukana kuliko wote, uliwakatiza: "Mutoke na ile maneno. Bale ni bantu bangu. Balikanyaga udongo yangu." Niliona fahari kubwa, Tantine. Nilifikiri tumefanya jambo.

Ile picha ya kwenye kitenge, naijua siku yake. Mpiga picha alitumwa kutoka Butembo kupiga picha za magunia ya kakao. Papa Amisi akakuambia, "Mama, ukifagia vile, utafagia mupaka directeur," nawe ukacheka ukiegemea ufagio. Kiti cha plastiki cha Papa Amisi kiko nyuma yako hapo kwenye kitambaa, na mguu wa kiti uliofungwa kamba unaonekana. Ule ni uwanja wetu. Ni wewe unayetufanyia kazi, kwa mikono yako, kwa hiari yako, na chini yake wameandika kwamba tunajitolea kwa ajili yao.

Nilikwenda kwa anayeshughulikia matangazo. Ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Nikamwuliza huyu mama ni nani.

"Iko mama moja ya ba déplacés ya Beni, bale balikimbia vita, tulimusaidia," akasema. "Photo iko muzuri, si unaona vile anacheka?"

"Na ufagio?"

Akainama kuitazama picha vizuri. "Sijue. Pengine tulimupatia."

Pengine tulikupatia. Nilitoka, maana ningefungua mdomo ningelia au ningemtukana, na vyote viwili havifai ofisini. Sina hasira na siku ile ya udongo, hiyo ilikuwa ya kweli, nilikuwepo. Hata kwenye matanga yako watu wa depo walikuja bila fulana, wamebeba kuni vichwani, na Papa Amisi hakuondoka mpaka tulipomaliza. Kinachoniumiza ni kwamba wewe uliihesabu kampuni kuwa ndugu, ukaifagilia kama ndugu, na kampuni haikujua kwamba imefagiliwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisema "sisi" katikati yenu, nikiamini kwamba lile neno linakuingiza na wewe.

Leo nimepeleka kitenge kwa fundi. Sare ni sare, na kazi naihitaji, unajua. Amekitandaza mezani, chaki mkononi, akakigeuza huku na huku, kisha akakwama.

"Mama, nikate wapi? Nikikata blouse huku, kichwa yake itaenda ku kwapa. Nikikata kule, mukasi inapita ku jicho."

Nilimwambia asubiri. Nikatoka nje nikampigia Papa Amisi, nikamweleza yote, picha, maneno, kiti chake.

"Nyumba ya mama kule," akasema, "mvua imekula ukuta ya nyuma. Batoto bake baliziba na bâche ya plastiki. Mimi Jumamosi hapana na kazi."

Nikamwambia Jumamosi nitakuwa huko. Nilirudi ndani nikamwambia fundi aushone uso wako mmoja tu, mzima, kifuani. Nyuma aweke kitambaa kingine chochote alicho nacho. Jumamosi watacheza hapa Butembo na wataniita jina nisiwepo, na Jumatatu itabidi nieleze. Nitaeleza. Sijui watafanya nini nami, na sijui kama nitaweza tena kusema "sisi" nikiwa nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini. Lakini Jumamosi asubuhi napanda gari la Beni, nimevaa blauzi yako, na tutakanyaga udongo na Papa Amisi na wanao, na yeyote wa depo atakayekuja. Ninayo siku yako ya kurudisha, Tantine. Nilikuwa nimekaa nayo bila kujua.

Pumzika. Ufagio wako uko kwangu, nyuma ya mlango, nitakuja nao.

Fundi ameniuliza ile mistari ya maandishi aliyoikata aipeleke wapi. Nimemwambia aifagie.

Ni mimi,
mtoto wa dada yako