Kofia ya Njano Chini ya Ngazi za Longmen

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, lango la magharibi la mapango ya Longmen, Luoyang

Tarehe: 16 Aprili 2024, saa kumi na moja jioni
Jina la shahidi: Qu Wanning
Jinsia: Ke
Umri: Miaka 27
Kazi: Mhariri wa vitabu vya shule za msingi
Makazi: Dezhou, mkoa wa Shandong
Mwandishi wa maelezo: Sajini Miao Zhiyuan

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelekezwa niseme ninayoyajua mwenyewe, nisiongeze wala nisipunguze. Nitajitahidi. Kazi yangu ni kupunguza maneno ya watu wengine, lakini leo yangu yananishinda.

Anayetafutwa ni mama yangu mzazi, Luan Shuqin, umri miaka 68, mstaafu wa kiwanda cha mashuka. Ni mfupi, nywele zake ni nyeupe, zimekatwa usawa wa masikio. Amevaa sweta ya zambarau, suruali nyeusi na kofia ya njano ya watalii. Ana ugonjwa wa kusahau, uliogunduliwa mwaka jana. Baba alikwisha kufariki, na mimi sina ndugu.

Kiwandani Mama alisimamia mashine ya kuchapa maua kwenye mashuka. Maua yalikuwa yaleyale tangu alipoajiriwa mpaka alipostaafu, peoni nyekundu na za rangi ya waridi, kwa sababu kwetu hakuna anayemwoza binti bila mashuka ya peoni. Sijui ni watu wangapi wamelala juu ya maua yake. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuliona hata moja limesimama ardhini. Daktari aliponiambia, “Kama kuna mahali anatamani kufika, mpeleke angali anajua kwamba amefika,” nilimuuliza Mama, naye akajibu bila kufikiri, “Luoyang, maua yakiwa yamechanua.”

Tulijiunga na msafara wa wastaafu. Tulifika Luoyang jana mchana. Mwongozaji wetu, kijana aitwaye Ge, alitugawia sote kofia za njano, akainua bendera ya njano juu ya fimbo, akasema, “Wazee wangu, sura yangu mtaisahau, haina uzuri wowote. Bendera msiisahau. Bendera ikienda, nendeni.” Wote walicheka. Mama hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepangiwa zamu. Watu wa rika lake walikwenda kazini, mikutanoni na hata sinema nyuma ya bendera, na naona mambo ya zamani ndiyo yaliyobaki imara kichwani mwake. Kwa hiyo nami nilimkazia, “Mama, usiponiona, fuata bendera. Wenye kofia kama yako ni watu wetu.” Naomba sentensi hiyo iandikwe kama nilivyoisema.

Leo, saa kumi na mbili asubuhi, tulikunywa supu ya ng'ombe karibu na hoteli. Muuzaji alirudi na upawa mara mbili kumwongezea Mama mchuzi. “Kunywa, dada mkubwa, mchuzi hauna bei.” Mama aliniinamia akanong'ona, “Akirudi tena nitaogelea humu.” Nilicheka mpaka pilipili ikanipalia. Alikuwa yeye mwenyewe kabisa.

Saa moja na nusu tuliingia kwenye bustani ya peoni. Mama alisimama mbele ya ua moja la rangi ya waridi, kubwa kama sahani, kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Akasema, “Wekundu umepungua. Huyu fundi wa rangi akatwe mshahara.” Kisha akalishika kwa vidole viwili kama anavyopima kitambaa, akaliachia, akavitazama vidole vyake. “Lakini halichuji,” akasema. Alifurahi. Nataka hilo nalo liandikwe.

Jua lilipopanda alilalamika joto, akavua koti, nikalibeba mimi. Ndani ya koti hilo, upande wa kushoto, nilikuwa nimeshona kitambaa chenye jina lake na namba yangu ya simu. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti hilohilo. Koti ni hili nililolipakata sasa.

Tulifika hapa Longmen saa nne na nusu. Tulitembea kando ya mto na kundi letu, tukitazama mapango na masanamu ya kale yaliyochongwa mwambani. Mama alihesabu masanamu yasiyo na vichwa kwa muda, akaacha. “Maskini, hata hawa wamesahau,” alisema.

Ilipokaribia saa sita mchana tulifika chini ya ngazi za sanamu kubwa. Mwongozaji Ge alitangulia juu na bendera. Mama alisema magoti yanamuuma, akakaa kwenye ukingo wa jiwe pamoja na Bi Tang na dada yake, wote wa msafara wetu. Nilisema nakwenda kununua maji kwenye kibanda cha jirani. Bi Tang akasema, “Nenda mwanangu, mama yako hatutamla, ana mifupa mitupu.” Mama akamjibu, “Na wewe una mafuta matupu, mwenye njaa atajua pa kuanzia.” Nikawaacha wanacheka.

Kibandani kulikuwa na foleni. Niligeuka mara kwa mara, na kila nilipogeuka niliiona kofia ya njano pale pale kwenye jiwe. Nilipolipa na kuisogelea ndipo nilipojua kwamba kofia niliyokuwa naitazama ilikuwa ya mtu mwingine.

Bi Tang na dada yake walikuwa wamesogea hatua chache kupigana picha. Nilipomuuliza Bi Tang, alishangaa. “Si amekwenda na kundi? Bendera imepita hapa sasa hivi, akainuka. Akaniambia, ‘Twende, zamu imeanza.’ Mimi nikamwambia nakuja.” Nilitazama juu. Bendera yetu ilikuwa bado huko, mbele ya sanamu, mkononi mwa Ge. Bendera iliyopita haikuwa yetu.

Nilikimbia kuelekea lango la kutokea. Kofia za njano zilikuwa kila mahali. Ge aliniambia baadaye kwamba wauzaji wa kofia hizo ni walewale, na waongozaji wengi huchagua njano kwa sababu huonekana mbali. Niliwashika wanawake mabega na kuwageuza. Mmoja alinifokea, “Wee binti! Umenifananisha na nani?” Nikamwambia namtafuta mama yangu. Akapoa, akanitazama juu mpaka chini, akasema, “Mimi nina wana wawili hawanitafuti. Ukimkosa, nichukue mimi.” Wenzake walicheka, lakini yeye ndiye aliyenisindikiza mpaka kwenye chumba cha matangazo.

Jina la Mama lilitangazwa kwenye vipaza sauti. Nilisimama chini ya kipaza sauti nikisikia “Luan Shuqin, Luan Shuqin,” na nikajua hataitika. Tangu astaafu hakuna anayemwita hivyo. Majirani humwita Mama Ning. Nilimwomba mtangazaji aite “Mama Ning.” Akaita. Wanawake wawili walikuja. Hakuna aliyekuwa yeye.

Nilifika kituoni hapa saa nane mchana. Sajini Miao alinipa kikombe cha maji ya moto, akasema, “Kunywa kwanza, binti, halafu uniambie rangi ya sweta.” Tulikaa mbele ya picha za kamera mpaka saa tisa na nusu, ndipo tulipomwona. Nilitarajia kumwona anahangaika, anashika watu nguo. Hakuwa anahangaika. Alikuwa katikati ya mstari, mgongo umenyooka, macho kwenye bendera ya njano. Mtu alimpisha mlangoni, akashukuru. Akapanda basi. Nilimwita kwa sauti. Sajini aliniambia taratibu, “Hiyo ni picha tu, binti.”

Basi lilitambuliwa kwa namba zake. Ni la msafara wa wazee kutoka Hebei, na baada ya chakula cha mchana hapa mjini lilikuwa limeshika njia ya kwenda Xi'an. Mwongozaji wao, Bi Xing, alipopigiwa simu alikataa katakata. “Haiwezekani, nimehesabu kofia, hesabu imetimia.” Akahesabu tena, safari hii kwa majina. Ikabainika kwamba mzee mmoja wa kundi lao alichukuliwa na mpwa wake langoni bila kuaga. Pengo lake ndilo mama yangu alilolijaza.

Nilimuuliza Bi Xing inakuwaje watu wanakula na mtu, wanapanda naye basi, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Alijibu, “Dada, waliokaa kulia walidhani ni wa kushoto, wa kushoto wakadhani ni wa kulia. Nani atamuuliza mzee mezani, wewe ni wa nani?” Nisingeuliza hata mimi.

Alituma picha waliyopiga wakati wa chakula. Ni ile karamu ya Luoyang ya vyakula vya mchuzi, sahani moja ikiondoka nyingine inaingia. Sisi tulikuwa tumepangiwa karamu hiyohiyo leo jioni. Mama amekaa mahali pa mkubwa wa meza, anautazama mlango. Mbele yake kuna bakuli la figili zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, na juu ya figili huwa kuna peoni iliyotengenezwa kwa yai. Katika picha, mkono wa mtu asiyeonekana unamwekea Mama ua hilo kwenye bakuli lake. Mama anacheka, meno yote nje. Nina picha zake nyingi kwenye simu yangu tangu tuondoke nyumbani. Katika hizo zangu ananitazama mimi, kana kwamba ananiuliza kama amesimama sawa.

Saa kumi na robo, Bi Xing alimpa Mama simu. Sajini Miao alikuwepo na alisikia. Mama alisema, “Nani mwenzangu?”

“Mama, ni mimi. Ning.”

“Sema kwa nguvu, mashine zinapiga kelele.”

“Ni Wanning, Mama. Mwanao.”

Akasema kwa adabu, kwa ile sauti anayowapa wageni, “Umekosea namba, binti. Wanning yuko hapa, ananichambulia mbegu za alizeti.”

Simu ikachukuliwa na msichana. Alisema anaitwa Lu Jia, mwanafunzi wa chuo, yuko safarini na bibi yake. Alikuwa anakaribia kulia. “Dada, nisamehe. Ameniita hivyo tangu mezani. Nilidhani ananitania, nikaitika tu. Mwongozaji alipomwambia kwamba atashushwa mbele awasubiri polisi, amenishika mkono haniachii. Sasa nifanyeje, nimwambie mimi siye?”

Nilifikiri juu ya mtu anayeambiwa, ndani ya basi, katikati ya barabara kuu, kwamba mwanawe si mwanawe. Nikamwambia, “Endelea kuitika.”

Nilimsikia Mama kwa mbali. “Nani huyo anayekusumbua?”

“Ni mtu, Mama,” Lu Jia alijibu. “Anauliza kama tumekula.”

“Mwambie tumekula vizuri. Muulize na yeye, kama amekula.”

Lu Jia akaniuliza. Nikasema nimekula. Hilo halikuwa kweli, nalitaja kwa sababu nimeambiwa niseme kweli.

Sajini Miao ameniuliza kama nina malalamiko dhidi ya mwongozaji Ge, Bi Xing, Bi Tang au mtu mwingine yeyote. Nimewatafakari mmoja mmoja. Kila mmoja alimpisha mama yangu, alimlisha, au alimtania kwa wema. Sina wa kumlalamikia. Angekuwepo wa kulaumiwa, ningejua la kufanya.

Nimesomewa maelezo haya, nimeyaona ni ya kweli, na hapa ndipo ninapoishia.

Sahihi: Qu Wanning

Maelezo ya afisa: Polisi wa Sanmenxia wamelisimamisha basi kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Bi Luan ni mzima, hana jeraha. Alikataa kuingia kwenye gari la polisi bila “mwanawe”, kwa hiyo Lu Jia, kwa ridhaa ya bibi yake, anamsindikiza. Wanatarajiwa hapa saa moja jioni. Shahidi aliombwa avue kofia yake ya njano ili apigwe picha ya jalada. Ameomba aachwe nayo kichwani mpaka gari lifike. Nimemruhusu.

Sajini Miao Zhiyuan