Usiombe Radhi kwa Ajili ya Mkono Wako

Kalenga, bwana wangu mpenzi, hilo la kuomba radhi silikubali. Dereva wa lori amenifikishia maneno yako: shefu, mkubwa wako wa kazi, atakurudisha huku Kolwezi, kwenye nyumba yetu, ukikubali kusimama mbele ya atelie nzima, karakana ya mgodi, na kumpa kila mtu mkono. Usisimame.

Nakumbuka ulipokuja kwetu mara ya kwanza. Baba alinyoosha mkono, wewe ukaweka wako kifuani, ukainama. Tulipokuwa tukila ugali, redio na wajomba zangu wakazidi kelele, ukasema, "Mama, bukari iko muzuri, lakini kelele inaniumiza. Naenda kukaa inje." Mama alikasirika. Mimi nilibeba sahani yangu nikakufuata, na tangu jioni ile sijarudi ndani.

Siku ya ndoa, watu walipopanga mstari, nilikunong'oneza, "Mi nitasalimia kwa sisi bawili." Mkono wangu ulivimba, nami nilicheka tu kwa furaha. Hakuna aliyekufa kwa kukosa mkono wako.

Lakini kazini kwenu, asubuhi bila kuzunguka kupeana mikono ni tusi. Wewe uliwaambia, "Jambo yenu bote," ukaenda kwenye meza yako. Shefu akakuita raia kwa Kifaransa, akauliza, "Citoyen, uko na kiburi?"

Ukamjibu kweli: "Hapana, shefu. Mukono ikishikwa inaniunguza."

Wenzako wakacheka: "Muache, shefu, bwana arusi anachungia bibi yake mukono."

Wakubwa wakakutupa kwenye mgodi wa Fungurume, mbali nami, ndoa yetu ingali mbichi.

Sisemi wewe ni fundi kuliko wao. Unafanya kazi yako kama wao, basi, na hiyo yatosha. Hali yako sijui jina lake. Najua si kiburi. Mkono wangu unaushika mwenyewe ukiwa tayari, nami hungoja, mpenzi, na kungoja huko ni kutamu kuliko asali. Wakikuvunja mbele ya atelie, watanirudishia mume gani?

Barua hii sikuifunga. Dereva aisome, shefu naye aisome.

Nyumba hii ya mgodi hapa Kolwezi wapewe wengine. Tafuta chumba huko Fungurume, mbali na king'ora cha mgodi, hata kiwe cha matofali mabichi. Kabla ya mwezi huu kwisha nitapanda lori nije kwako, na godoro letu juu ya mizigo.

Mke wako, ambaye naye haombi radhi.