Mto wa Kushona

Nyumba ya mwisho, nyuma ya soko,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia upumue. Je, sweta unavaa? Sisi hatujambo, Mungu ni mwema, isipokuwa goti la shemeji yako, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Unaukumbuka ule mtaro uliomeza kiatu chako ulipokuja kututembelea? Basi si mtaro, ni mto! Tumezoa taka zote, na kando yake mtaa mzima tumelima matuta ya mboga. Langu la mchicha lilikuwa karibu kabisa na maji. Nyumba nyingi hapa zinakula kutokana na matuta hayo, yetu ikiwemo.

Lakini ukingo ukaanza kumomonyoka. Yule bwana wa manispaa tunayemwita Bwana Buti akatuonya: ukiporomoka tena mvua hizi, mto utatiwa ndani ya bomba la zege na matuta yatafukiwa yote.

Mwenyekiti wetu akapita na kipaza sauti: "Jumamosi tunatengeneza mto! Kila mtu aje na alichonacho!" Watu wakaja na majembe. Wifi yangu, yule fundi cherehani, akaja na sindano ya magunia na fuko la vipande vya nguo. Alidhani ni mto wa kulalia!

Tulicheka hadi machozi. Shemeji yako akamwuliza, "Dada, unataka maji yalale?"

"Na yalale!" akajibu. "Si ndiyo shida yenu, hayatulii?"

Bwana Buti, aliyekuja kutuelekeza, naye akacheka, kisha akaitazama ile sindano. Akasema kwingine watu hujaza udongo na mbegu za nyasi kwenye magunia ya katani, wakayashona mdomo na kuyapanga ukingoni. Gunia huoza, lakini wakati huo mizizi imeshashika. Basi wifi akaketi juu ya jiwe, akashona kutwa nzima.

Tena alitaka tuupindishe mto, nami nikamsumbua kwa maswali. Kwa nini mto ukipinda hupungua hasira? Akasema maji ni kama mtu anayeteremka mlima mbio. Mpe kona, atapunguza mwendo.

Mahali pa kona yenyewe, mdogo wangu, palikuwa kwenye tuta langu. Magunia yakikaa mbele yake, mto utabaki umenyooka na maji yatayapiga moja kwa moja matuta ya wenzangu kule chini. Yakikaa nyuma, mto utapinda, lakini langu linaachiwa maji. Niliomba kimya, moyo unaniuma, nikasema, "Pangeni nyuma." Mchicha nikauvuna wote, nikaugawa.

Alhamisi iliyofuata mvua ikanyesha ya kutisha. Asubuhi tuta langu halipo. Lakini ukingo umesimama! Bwana Buti akarukaruka juu ya magunia kama mtoto kitandani, akasema habari ya bomba imekwisha.

Wifi amenigawia nusu ya tuta lake, ila yeye anataka bamia, mimi biringanya. Bado tunabishana. Na pale penye mchicha wangu pana kidimbwi chenye visamaki vidogo kama kucha. Wewe uliyesoma, niambie: vimetoka wapi? Kila jioni naenda kuvitazama, namwuliza Mungu alikuwa amevificha wapi miaka yote ile ya uchafu.

Wifi na shemeji yako wanakusalimu sana. Mkumbatie mkeo na wanao kwa niaba yangu. Mungu akutangulie kila mlango unaoingia.

Ni mimi nikupendaye bila kuchoka,
Dada yako mkubwa.