Bahasha Chini ya Ubao wa Mkate

Jumatatu, 25 Julai 2011

Sinki la nyama kwanza, sinki la maziwa baadaye. Sheria yao, nyama na maziwa visikutane hata kwenye vyombo. Miaka minane katika nyumba hii ya Wayahudi sijachanganya hata kijiko. Leo nilikaribia, kwa sababu ya kelele.

Ripoti ya shule ya Dalia, binti yao, imefika. Asilimia hamsini na saba. Hisabati hamsini na moja. Nyumba nzima matanga, kasoro maiti tu. Dokta anatembea sebuleni mpaka verandani, karatasi mkononi, kama vile akitembea sana alama zitapanda. Madame anampigia simu dada yake Johannesburg. Neno "wastani" analitamka kwa ile sauti ya chini wanayotajia kansa.

Dokta ni daktari wa meno. Baba yake pia alikuwa daktari wa meno. Kwenye kibao cha kliniki iko jina la ukoo peke yake, bila jina la mtu, ili lisibadilishwe. Dalia ana miaka kumi na saba, mtoto wa pekee. Kibao kinamngoja.

Mimi niliishia mwaka wa tatu wa sekondari, Uvira. Kiingereza nimekisoma kwenye magazeti yao ya kufungia maganda. Nikisikia watu wenye magari mawili wakilia juu ya hamsini na saba, nacheka, Mungu anisamehe. Nacheka nimefunika mdomo. Pengo langu la juu kushoto sipendi lionekane.

Alhamisi, 4 Agosti

Vitabu vya vyuo vimejaa meza ya kulia. Vizito, vya rangi. Kila jalada, vijana watatu wamekaa majanini wanacheka. Hakuna anayesoma.

Madame amebandika maswali yake kwenye friji. Iko chakula cha sheria yao? Iko sinagogi ya kufika kwa miguu? Mtihani wa Jumamosi unahamishwa? Vijana wa Kiyahudi wangapi? Wavulana wangapi? Swali la alama halikuwemo. Dokta ameliongeza juu kabisa, kalamu nyekundu.

Leo alikuja mshauri wa vyuo, viatu vimechongoka. Akasema udaktari wa meno, Cape Town, wasahau. Akasema mtoto aende Israel mwaka mmoja akomae, halafu arudie hisabati. Au iko chuo cha biashara cha kulipia, kinapokea "kila aina ya mwanafunzi". Dalia alikuwa amekaa pale pale. Alizungumzwa kama gari linalouzwa.

Mimi nilikuwa namimina chai. Nikamwuliza, sukari ngapi? Ndilo swali pekee aliloulizwa asubuhi nzima.

Jumanne, 16 Agosti

Dalia alikuja jikoni na sanduku la viatu. Ndani, meno. Nilitaka kukimbia. Kumbe ni nta. Vile vipande vya mishumaa ya Sabato vinavyobaki baada ya Ijumaa jioni, mimi nadhani anavitupa, kumbe anachonga. Magego, chonge, ya mbele. Moja lina ufa mdogo, kama la mtu aliyefungulia chupa kwa meno.

Akasema, "Mama Feza, mimi sitaki kung'oa. Nataka kutengeneza."

Kumbe iko kozi hapa hapa Durban, chuo cha ufundi, bondeni mjini. Wanafundisha kutengeneza meno bandia. Ndio hao ambao Dokta anawapelekea kazi zake kila wiki.

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia napenda meno. Alifurahi sana. Basi sikuendelea."

Huyu mtoto anafanana na mimi kuliko na wazazi wake. Halafu akaniambia nifungue mdomo. Nikamwambia pengo langu si daftari lake la shule.

Jumatatu, 22 Agosti

Dalia ameendelea. Amemwambia baba yake habari za kozi, wakati wa chakula cha jioni. Eish.

Dokta aliweka uma chini. "Hao ni watu ninaowapigia simu kuwafokea."

Dalia akasema, "Basi utanifokea hapa hapa nyumbani. Utaokoa muda."

Kicheko kilinibana, kifuniko cha sufuria kikanitoka mkononi. Cha nyama. Kikaangukia sinki la maziwa, ndani ya maji ya moto. Miaka minane imeishia hapo. Madame akaacha ugomvi, akampigia rabi kuuliza kifuniko kimekuwa nini sasa. Jibu bado. Kifuniko kiko verandani peke yake kama mgonjwa wa surua.

Dokta nimemkasirikia. Hapigi, hatukani, ananilipa vizuri, na nimemkasirikia. Baba yangu naye alinichagulia. Nilitaka hesabu, akanipeleka kushona kwa masista. Tangu nitoke pale sijashona hata kifungo. Nguo zangu nafunga pini. Watu wanadhani ni uvivu. Ni msimamo.

Jumatano, 7 Septemba

Madame alimwambia Dokta anakwenda mjini kutafuta mapazia. Akanichukua mimi nibebe mapazia. Dalia alikuwa amejikunja kiti cha nyuma na sanduku la viatu mapajani. Mapazia hayakuwepo.

Chuo hakina majani ya kulalia. Iko lango, walinzi, foleni. Mwalimu ni mama wa Kizulu, miwani imekaa kwenye nywele, mikono ina unga mweupe mpaka viwikoni. Alichukua gego moja la nta, akaligeuza karibu na dirisha.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Inaonekana. Hapa umekosea. Hapa hujakosea."

Alama aliuliza mwisho kabisa. Zinatosha, akasema, ila asizishushe. Madame akatoa karatasi yake ya maswali. Chakula? Mtoto atakula kwenu. Sinagogi? Iko pale ilipo siku zote. Mtihani wa Jumamosi? Yule mama akasema, "Kanisa letu linasali Jumamosi. Siku hiyo hata mimi hunioni hapa." Wavulana wangapi? "Wachache. Na ni wavivu."

Madame akacheka mpaka akashika meza. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Julai.

Fomu ni ya karatasi. Inahitaji sahihi ya mzazi. Inapokelewa dirishani mpaka tarehe thelathini, saa kumi jioni. Ikipita hapo, mwaka mwingine. Na mwaka mwingine kwa Dokta ni kurudia hisabati, halafu kibao. Dalia ameijaza mwenyewe kwenye gari, kwenye robot, taa za barabarani, zote tatu zilipokuwa nyekundu.

Jumatatu, 19 Septemba

Madame amemwambia ukweli kuhusu mapazia. Dokta hakufoka. Afadhali angefoka. Alitazama kalenda ya duka la dawa jikoni, akasema tarehe thelathini ni Ijumaa, muda upo, tutazungumza.

Ukutani iko kalenda mbili. Ya duka la dawa, ya kliniki na bili. Ya sinagogi, ya sikukuu. Mimi ndiye ninayezifuta vumbi zote mbili. Mwaka Mpya wao unahama hama, na safari hii umeangukia Alhamisi na Ijumaa, tarehe ishirini na tisa na thelathini. Halafu Sabato inaunga. Siku tatu hakuna kalamu, hakuna gari, hakuna simu.

Dokta amesoma shahada mbili. Tarehe ameitafuta kwenye kalenda ya bili, na sikukuu inakaa kwenye kalenda nyingine, inchi tano kando.

Jumatatu, 26 Septemba

Nimemwonyesha Madame kalenda zote mbili. Kidole kwenye hii, kidole kwenye hii. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni na aproni yangu mkononi.

Kutia sahihi nyuma ya mumewe hataki. Alimpigia kliniki. Akajibu iko mgonjwa mdomo wazi, watazungumza kesho.

Jumatano, 28 Septemba

Jana pia Dokta alisema kesho. Leo asubuhi nilipika samaki, karoti, nikamenya tofaa za kuchovya kwenye asali ili mwaka uwe mtamu. Dokta alirudi amechelewa, akaingia kuoga.

Saa kumi na moja na nusu jioni, mishumaa imeshapangwa, Madame alitoa fomu kwenye droo ya vitambaa. Akatia sahihi amesimama. Akaifunga kwenye bahasha, akaisukuma chini ya ubao wa mkate. Dirisha la chuo kwa leo lilishafungwa. Akawasha mishumaa.

Amechelewa na amethubutu. Namsifu kwa la pili.

Alhamisi, 29 Septemba

Sheria yao niieleze, nisije kuisahau nikizeeka. Siku kama hizi hawawezi kuniagiza nifanye kazi ambayo wao wamekatazwa. Kuniambia "washa feni" haifai. Lakini kusema jambo lilivyo, inafaa. "Mama Feza, leo joto." Basi mimi naona joto, nawasha. Miaka minane watu hawa wananieleza hali ya hewa na mimi nabonyeza swichi.

Leo nilingoja aniambie mtu jambo lilivyo. Hakuna. Madame alikata mkate akaurudisha ubao pole pole, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Dalia hakula. Dokta aliona pembe ya bahasha. Najua aliona, kwa sababu alianza kusifu karoti, na karoti hajawahi kuzisifu.

Naogopa. Nikiibeba bahasha bila neno la Dokta, nimeingilia nyumba ya mtu. Kazi ikienda, sina nyingine. Nikiiacha, nitaifuta vumbi mwaka mzima.

Ijumaa, 30 Septemba

Saa sita Dalia alikuja jikoni, macho mekundu. Akasema, "Mama Feza, leo ni Ijumaa."

Nikamwambia, "Najua kusoma kalenda. Zote mbili."

Dokta alikuwa bado sinagogi. Nilivua aproni. Nikamwambia Madame naenda mjini kununua uzi. Uzi wangu, shughuli yangu, hakuna aliyenituma. Anajua nafunga nguo kwa pini. Alitazama pini kwenye mkono wa blauzi yangu, akasema tu, "Uzi ni muhimu." Nikainua ubao, nikachukua bahasha mbele yake. Alikuwa anapanga glasi. Alizipanga mara mbili.

Getini nikakutana na Dokta. Anarudi kwa miguu, suti nyeusi, jua la saa saba, jasho linamtiririka. Bahasha niliishika kifuani. Sikuificha. Niliamua nikifukuzwa nifukuzwe nayo mkononi.

"Mama Feza."

"Dokta."

"Unakwenda wapi?"

"Mjini. Shughuli zangu."

Aliisoma anwani. Mwandiko wa Dalia, mkubwa, hausomeki vibaya. Neno moja la kunirudisha lilikuwa halali kabisa kwa sheria yake. Nilimpa nafasi alitamke.

Alitoa leso, akajifuta uso mzima, taratibu.

"Taxi za pale chini kwenye robot," akasema, "Ijumaa hazikai kungoja kujaa."

"Ahsante, Dokta."

"Nasema tu."

"Na mimi nasikia tu."

Nilishuka ule mteremko kama msichana. Taxi haikukaa. Dirishani kijana alitaka kujua mimi ni nani kwa mwombaji. Nikamwambia mimi ndiye niliyeileta, gonga muhuri. Akagonga. Saa nane na dakika ishirini. Akanipa risiti, nikaiweka ndani ya sidiria, mahali pekee penye usalama Durban nzima.

Nilirudi na uzi mweusi, kidonge kimoja. Nikauweka juu ya ubao wa mkate. Dalia aliuona, akakaa chini pale pale sakafuni.

Jumamosi, 1 Oktoba

Mapumziko. Niko kwangu, Sydenham. Nimeshona kifungo. Kimekaa upande. Kimekaa.

Jumapili, 2 Oktoba

Baada ya kanisa nilikwenda kumalizia vyombo vya sikukuu. Risiti nikaibandika kwenye friji, pale penye maswali ya Madame. Dokta alivaa miwani akaisoma yote, mpaka namba ya chini. Akasema, "Muhuri umepinda." Akaondoka.

Alirudi na begi lake la kazi. Akatoa kisahani cha chuma cha kung'atia na kopo la unga wa rangi ya waridi, wa kuchukulia umbo la meno. Akamwambia Dalia, "Mtu anayetaka kutengeneza jino aanze kwa kuchukua alama ya mdomo. Mdomo wa nani tunao?"

Wote wawili wakanitazama.

Niliwaambia hapana. Nikawaambia tena. Halafu nikakaa, kwa sababu Dalia alikuwa ameshaleta kiti. Ikaja shida ya maji ya kukorogea, sinki gani. Madame akafikiri, akasema bomba la bustani. Dokta akapima, Dalia akakoroga. Akamwambia umelegeza mno. Akasema sijalegeza. Wakainama juu ya bakuli vichwa vimegusana, wanabishana juu ya uji wa waridi, na hakuna aliyetaja hamsini na saba.

Nikafungua mdomo. Pengo lote nje, mchana kweupe, mbele ya Madame. Kisahani kikaingia, baridi, ladha ya sabuni ya wageni. Dokta akashika saa. Dakika mbili, akasema, usiseme kitu.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikakaa hivyo hivyo, mkono wa Dalia kwenye kidevu changu, hautetemeki.