Aje Zeze

Kefa, uko kwenye waya? Acha simu za reli kidogo. Mustapha, karani wa boma letu hapa Dodoma, kaisha.

Si unajua kuchapa alijifunzia Unguja, kwenye mashine ya Mwingereza? Ya bomani ni ya Mdachi: Y imekaa pa Z, Z imekaa pa Y. Macho yake yanajua, vidole havijui.

Bwana mkubwa alimwita jumbe wa Haneti aeleze kwa nini watu wake wanakimbia kazi ya barabara. Mustapha akachapa: asitume mtu, aje yeye.

Leo wamefika wapiga zeze. Wapiga zeze, Kefa, ukoo mzima. Barua imesema aje zeze.

Bwana akauliza, "Jumbe yuko wapi?"
Wakamjibu, "Hakuitwa."

Kiboko kikatolewa, kikawekwa mezani. Mustapha akaamriwa achape nyingine upesi: sitaki zeze, nataka yeye. Akachapa, bwana akatia sahihi bila kuisoma, tarishi akaondoka mbio.

Sasa hivi kaja kwangu, kakaa sakafuni, anavitazama vidole vyake. Kefa, barua imesema sitaki yeye, nataka zeze.

Ananiuliza kama Haneti kuna waya. Haneti hakuna waya.