Vita vya Kibuyu Kisichoonjwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama marahaba yako siisikii tena. Vita vyetu nimevimaliza. Kaa vizuri huko uliko, maana najua utabisha.

Unakumbuka tulivyovianza? Mimi na wewe tumo ndani ya mtumbwi wa kukamulia pombe, tunakanyaga ndizi mbivu na majani, na wewe unasimulia kwa mwendo wa miguu. Malkia Inanzobe anashuka milimani na nyati wenye pembe za moto. Mikuki ya jeshi lake inataja majina ya wafu. Ukifika kwenye mapigano ulikanyaga kwa nguvu hadi mama anapiga kelele, "Nyie, mtanipasulia mtumbwi!" Nilicheka hadi nikajishikiza begani kwako.

Chanzo cha vita hukukibadilisha hata mara moja. Mfalme Rusozi alimpa kaka wa Malkia Inanzobe kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila kuonja kwanza. Kwetu hata mtoto anajua: mwenye nyumba huonja mbele ya mgeni, ndipo ampe, mgeni ajue hakuna sumu. Rusozi hakuonja, kaka akafa njiani akirudi kwake, na malkia akaapa kuteketeza kila kilima cha Rusozi.

Nikakuuliza, "Baba, kweli kulikuwa na sumu?"

"Hakuonja. Inatosha."

Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa ulikuwa unamsema nani. Baba mdogo, yule mdogo wako wa Mbuba, alikupa kibuyu kwenye harusi ya binti yake bila kuonja, mbele ya wakwe. Ulikiweka chini, ukachukua fimbo yako ukaondoka, na hamkunywa pamoja tena. Kwenye mazishi yako alisimama mbali, kwenye migomba, kama mpita njia. Iliniuma sana, baba.

Sasa wajukuu zako wamenibana: malkia anamuua Rusozi au hamuui? Wewe ulimwacha mlangoni kwa adui, mkuki mkononi, ukajifia zako. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini na wewe ulizidi.

Basi wiki iliyopita nilipanda bodaboda hadi Mbuba, nikamuuliza baba mdogo swali lile nililokuuliza wewe: kweli kulikuwa na sumu? Alijifuta uso kwa kiganja.

"Mwanangu, wageni walikuwa wengi, nikasahau. Nilisahau tu. Kaka angeniuliza ningemwambia. Hakuniuliza."

Nikarudi nyumbani Kanazi mwisho wa hadithi ninao. Inanzobe anamuuliza Rusozi kwa nini hakuonja, kabla ya kumchoma mkuki. Rusozi anasema alisahau. Ndipo malkia anakumbuka alama za meno ya nyoka kwenye kisigino cha kaka yake, alama alizoziona wakati wa kumzika na hasira ikamkataza kuzitazama. Anashusha mkuki. Nyuma yake vilima vimeungua vyote, na hakuna wa kumlaumu ila yeye.

Watoto wamenung'unika, walitaka damu. Nimewaambia vita hivi sasa ni vyangu, na mwisho ni huo.

Jumapili baada ya misa baba mdogo anakuja, na nitamkalisha kwenye kiti chako. Ruhusa sikukuomba, wala siombi. Ukitaka kulipiza kisasi, baba, anza na mimi.

Nakupenda, na sikuogopi,

Binti yako